Sauti Kwanza, Windows Baadaye

Tarehe 14 Oktoba 2025, siku Watanzania walipomkumbuka Mwalimu Nyerere, miaka 26 tangu atutoke, Microsoft ilisitisha msaada wake kwa Windows 10. Mwenye macho aliusoma ujumbe kwenye skrini, akaufunga, akaendelea na kazi. Asiyeona alibaki na swali moja: nikibadilisha Windows, kompyuta yangu itaendelea kuongea?

Chukua mfano wa mwalimu asiyeona anayeishi kata ya Nemba, wilayani Biharamulo. Laptopu yake ina Windows 10 na NVDA, programu ya bure inayomsomea kilichopo kwenye skrini. Kipanya hakigusi, kazi zote anazifanya kwa vitufe na masikio. Akiipeleka laptopu kwa fundi Biharamulo mjini, fundi ataweka Windows mpya, ataona picha imetokea vizuri, atasema tayari. Mwalimu anarudi nyumbani, anaiwasha, kimya. Fundi hakukosea kwa namna alivyofundishwa kazi. Kilichokosekana ni kujua sauti ile inatoka wapi.

Enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, jambo hili lilikuwa jepesi. Skrini ilikuwa maandishi matupu, na programu ya kusoma ilichota herufi moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ndivyo ilivyoanza programu ya kusoma ya JAWS mwaka 1989, kazi ya Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Windows ilipoenea, herufi ikageuka kuwa mchoro. Kompyuta haikuwa tena na neno "Hifadhi" mahali pa kuchota. Ilikuwa na nukta za rangi zilizopangwa zikafanana na neno hilo. Waandishi wa programu za kusoma wakajipenyeza katikati ya Windows na kadi ya picha, wakawa wananasa kila agizo la kuchora na kujijengea nakala yao ya skrini. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, lakini ulisimama juu ya mambo ya ndani ambayo Microsoft haikumwahidi mtu kwamba hayatabadilika. Kila toleo jipya lilipoyagusa, sauti ilikatika.

Windows 95 ilipotoka, wasioona wengi walijikuta nje ya mlango, na jimbo la Massachusetts likatishia kutoinunua kwa ajili ya ofisi zake. Shinikizo la namna hiyo lilizaa matunda. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa njia rasmi ya programu kujieleza: mimi ni kitufe, jina langu ni hili, hali yangu ni hii. Windows Vista, mwaka 2007, ikaja na njia pana zaidi iitwayo UI Automation. Tangu hapo kipimo ni kimoja. Programu inayojieleza kwa njia rasmi huvuka salama toleo jipya linapokuja; ile iliyochorwa tu bila kujieleza humwacha asiyeona gizani, hata kama kwa macho inapendeza.

Hata sauti ikibaki, vitufe huhama. Kwenye Windows 10 ya mwanzo, Narrator, msomaji wa skrini wa Microsoft yenyewe, aliwashwa kwa kitufe cha Windows na Enter. Mwaka 2017 ikabidi kuongeza Ctrl. Kitufe cha Windows na A kilifungua arifa. Kwenye Windows 11 arifa zimehamia kwenye N. Anayeona hutafuta kwa jicho na kupata mara moja. Asiyeona ameiweka ramani nzima ya kompyuta vidoleni, na vidole havina pa kuchungulia.

Hapa nataka kuwasifu watu wa NVDA kwa dhati. Programu hii ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe haoni. Microsoft iliiacha Windows XP Aprili 2014. NVDA iliendelea kuihudumia hadi toleo 2017.3. Windows 7 iliachwa Januari 2020. NVDA iliibeba hadi toleo 2023.3. Yaani mara zote mbili waliwapa watu wao zaidi ya miaka mitatu ya kujipanga. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Nemba asikimbizwe na hofu ya kunyamaziwa kesho. Hatari yake ya sasa ni usalama: kompyuta isiyorekebishwa ni rahisi kuingiliwa, na Microsoft imetoa nafasi ya kujiandikisha kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026.

Shida ngumu zaidi iko kwenye mashine. Windows 10 ilipotoka, Microsoft iliruhusu watumiaji wa programu za kusoma kuhamia bure hadi Januari 2018, zaidi ya mwaka mzima baada ya ofa ya watu wengine kufungwa. Ilikuwa haki. Windows 11 nayo ni bure kwa mwenye Windows 10, lakini inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa Intel kwa kawaida huanzia kizazi cha nane, kilichotoka 2017. Laptopu ya mtumba iliyotengenezwa kabla ya hapo inakataliwa hata kama inaongea vizuri na betri inashika chaji. Naona huo ni uamuzi mbaya. Kwa asiyeona, mashine aliyokwisha kuizoea ina thamani kuliko bei yake dukani.

Halafu kuna Kiswahili. NVDA hubeba ndani yake eSpeak, sauti kavu ya kimashine, lakini inajua kusoma Kiswahili bila intaneti. Fundi akiweka Windows ya Kiingereza upya kisha NVDA, mara nyingi sauti inayojichagua ni ya Windows yenyewe, na "mwanafunzi" inasomwa kwa matamshi ya Kiingereza hadi isieleweke. Dawa ni kurudi kwenye mipangilio na kuchagua eSpeak, kisha Kiswahili. Sauti nzuri za Kitanzania za Microsoft, Daudi na Rehema, zipo kwenye kivinjari cha Edge, ila zinahitaji intaneti, na intaneti ni bando.

Kwa hiyo kazi ianze na sauti. Kabla ya kugusa Windows, mwenye kompyuta atengeneze nakala ya NVDA kwenye flashi. NVDA yenyewe ina sehemu ya kufanya hivyo, na nakala hiyo huweza kubeba mipangilio yake, na hufunguka kwenye kompyuta nyingine bila kusakinishwa. Betri ijae, kwa sababu mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa, na katika dakika hizo hakuna sauti ya kusema imefika asilimia ngapi. Umeme ukikatika hapo, asiyeona hana njia ya kujua kama mashine inaendelea au imekufa. Windows mpya ikiuliza maswali yake ya kwanza, Ctrl, Windows na Enter humwita Narrator. Flashi ichomekwe na NVDA ifunguliwe kutoka humo. Na fundi asilipwe mpaka mwenye kompyuta, kwa masikio yake, amefungua faili na kulisoma mwenyewe.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010; kilichobaki ni vitendo. Halmashauri za Biharamulo na jirani yake Ngara zinaponunua kompyuta za shule na ofisi, ziandike kwenye zabuni kwamba kompyuta ijaribiwe na NVDA kwa Kiswahili kabla ya kupokelewa, na anayejaribu awe mtu asiyeona.