Mimba iliyogeuzwa mpita njia

Nimesubiri siku nne hasira ipoe, haijapoa. Faili la zoezi la Jumamosi mlilitazama wote kwenye skrini: mama wa mimba ya pili, wiki 22 na siku 3, kliniki ya wagonjwa wa nje huko Marekani. Analalamika uchafu wa njano ukeni. Daktari kaona usaha kwenye mlango wa kizazi, kaugusa kwa pamba ukatoa damu, kaandika sevisaitisi, kachukua sampuli ya klamidia na kisonono, kampa azithromaisini gramu 1 ameze pale pale. Koda wetu, kijana mwenye vidole vyepesi ambaye sina ugomvi naye, akaweka N72, msimbo wa sevisaitisi ya kawaida. Chini yake Z33.1. Chini yake Z3A.22. Mkufunzi akasema “sawa” na kufungua faili la pili.

Sawa wapi?

Turudi pale pale kwenye Z33.1, maana N72 peke yake ningeiita usingizi. Msimbo huu una kazi moja: kusema kwamba mwanamke ana mimba, lakini kilichomleta leo hakihusiani nayo. Na si koda anayeamua hivyo. Kanuni za ICD-10-CM zimeweka mzigo huo begani mwa daktari: ni yeye anayepaswa kuandika kwamba ugonjwa unaotibiwa hauigusi mimba. Asipoandika, Sura ya 15 inashika usukani na misimbo ya O inatangulia sura nyingine zote. Kimya cha daktari si ruhusa. Kimya kinakurudisha kwenye O.

Na huyu daktari hata hakukaa kimya! Mstari wa mwisho wa mpango wa tiba, ambao nadhani kijana hakuushusha ukurasa kuufikia, unasema doksisaiklini imeachwa kwa sababu ya mimba. Mimba imebadilisha dawa. Mimba imeandikwa kwa jina kwenye uamuzi wa tiba, halafu sisi tunaitangaza mpita njia, kama mama yule alikuja kushonwa kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni.

Kuna kichekesho zaidi. Z3A, msimbo wa wiki za ujauzito, una maelekezo yake juu kabisa ya kundi: tanguliza msimbo wa uzazi. Yaani kijana ameweka mkia akakataa ng’ombe. Kama mimba haihusiki, Z3A.22 inatafuta nini hapo? Kama inahusika, Z33.1 inatafuta nini? Safu mbili zinapigana ndani ya dai moja, na mkufunzi mwenye vyeti ukutani hakusikia kelele.

Jibu lilikuwa O23.512. Lisomeni kwa tarakimu: O23.5 ni maambukizi ya njia ya uzazi katika mimba, 1 inayofuata ni mlango wa kizazi, 2 ya mwisho ni trimesta ya pili, inayoanza wiki 14 kamili na kuishia kabla ya wiki 28 kutimia. Kisha Z3A.22. Basi.

Wiki kijana alizihesabu vizuri, na hakukimbilia klamidia kabla ya majibu, jambo ambalo kanuni za wagonjwa wa nje haziruhusu. Nimempa haki yake.

Najua N72 ilitoka wapi, na wanaonisoma siku nyingi wanajua ninakoelekea. Ilitoka kwenye kisanduku cha kutafutia. Unaandika herufi nne, programu inakutupia N72 juu ya orodha, unabonyeza, unaenda kunywa chai. Nimeshasema na nitasema mpaka nizikwe: kile kisanduku hakijui kama mgonjwa ana mimba. Mzee aliyenifundisha kwenye chumba cha rekodi, miwani imefungwa kwa uzi, alikuwa na majuzuu matatu ya Shirika la Afya Duniani yaliyochakaa migongo. Kwa mjamzito hakuanzia kwenye jina la ugonjwa. Alifungua “mimba” kwanza, akashuka hadi kwenye tatizo, kisha akahakikisha kwenye juzuu la kwanza, hata kwa msimbo aliouandika mara mia. Na wale wa ICD-9, iliyotumika Marekani hadi Septemba 2015, wangelimaliza faili hili wakiwa wamesimama: 646.63 mbele, 616.0 nyuma yake. Uzazi kwanza, kiungo baadaye. Hawakuwa na kisanduku.

Nakiri kitabu tulichokulia nacho huku kimetulemaza kidogo. ICD-10 ya kimataifa inaishia O23.5, njia yote ya uzazi kapu moja, trimesta haiulizwi. Ndiyo maana wengi wetu tukikutana na tarakimu ya sita tunatoroka kwa 9, “trimesta haijatajwa”, ilhali tarehe ya hedhi ya mwisho imeandikwa ukurasa wa kwanza. O23.519 kwa mama mwenye wiki zinazojulikana ni uvivu uliovaa suti. Na madaktari wanaoandika “PVD” (uchafu wa ukeni) tu, bila kusema usaha ulitoka ukeni au mlangoni, nanyi nawaona. Koda hawezi kubuni mlango wa kizazi usiotajwa. Huyu wa Jumamosi aliutaja, mara mbili, na bado haikusaidia.

Mtaniambia ni zoezi tu. Lakini anayehesabu maambukizi ya wajawazito anavuta misimbo ya O. Mama huyu hatamwona. Atamkuta kwenye rundo la wagonjwa wa kawaida wa magonjwa ya wanawake, na hatari ya uchungu kabla ya wakati au ya macho ya mtoto kuambukizwa haitakuwa na mwenyewe.

Katika zoezi hilo hilo, mama aliporudi wiki ya 24, majibu yalikuwa klamidia. Kijana akaweka O98.312, A56.09 na Z3A.24, safi kabisa. Kwa hiyo mimba ile ile iliyokuwa haihusiki wiki ya 22 ilianza kuhusika wiki ya 24, mdudu ni yule yule, mlango ni ule ule. Asubuhi hii nimelifungua faili tena. Kwenye orodha ya matatizo ya mama, N72 bado ipo, juu ya O98.312, na hakuna aliyeifuta.