Mfalme, Mtemi au Mwami? Uhakiki wa Makumbusho ya Glauberg

Makumbusho ya Glauberg, katika jimbo la Hessen nchini Ujerumani, yalifunguliwa mwaka 2011 chini ya kilima chenye ngome ya kale ya Wakelti. Jengo ni kama sanduku kubwa la chuma chenye kutu, na dirisha lake pana humwelekeza mgeni kwenye tuta la kaburi. Tuta lenyewe lilikuwa limesawazishwa na kilimo. Linaloonekana leo ni udongo uliorundikwa upya.

Ndani, mwenye nyumba ni sanamu ya jiwe la mchanga iliyofukuliwa mwaka 1996. Ina urefu wa mita 1.86, ingawa nyayo zimevunjika. Ni mwanamume mwenye ngao, upanga na kofia ya majani mawili makubwa yanayofanana, nisameheni, na masikio ya sungura. Shingoni ana mkufu wenye vidoto vitatu. Mkufu wa dhahabu wa namna hiyo hiyo ulikutwa kaburini, hivyo kuhusisha sanamu na maiti ni hoja yenye miguu.

Ubishi wangu uko kwenye cheo. Wajerumani humwita "Fürst". Nikitafsiri "mfalme", nimempa dola. Nikisema "mtemi", nimemkabidhi mvua na matambiko. Nikisema "mwami", kama kwetu Burundi, nimemletea ngoma na ukoo wa kurithi. Dhahabu inathibitisha utajiri, utawala haujathibitishwa. Huenda alikuwa kuhani. Watu wake hawakuacha maandishi, na hata jina la Wakelti tunalipata kwa Wagiriki. Tena tuta hilo lilikuwa na mtu wa pili, aliyechomwa moto, naye akazikwa na upanga na birika la shaba. Je, huyo alikuwa nani? Umaarufu wote umekwenda kwa mwenzake mwenye dhahabu.

Kwangu mimi, habari kubwa zaidi iko kilimani. Maji yalikuwa shida huko juu, kwa hiyo kuta za ngome ziliteremshwa mteremko mzima hadi zikazingira bwawa la kukusanyia maji. Hiyo ni kazi ya mamia ya mikono: kuchimba, kubeba mawe, kukata magogo. Mtu anayetaka kujua jamii hii iliishije angeanzia hapo. Dirisha lile pana halikuelekezwa huko.