"Mifereji" Ndani ya Chungu: Kasoro Tatu za Tafsiri katika Utunzaji wa Mimea ya Nyumbani

Mfinyanzi hulia gaeni. Ndivyo walivyonena wahenga, na ndivyo tujionavyo kila tusomapo maelezo ya Kiswahili juu ya mimea ipandwayo vyomboni na kuwekwa ndani ya nyumba au ofisi. Lugha yetu imesheheni majina ya vyombo, na vitenzi vyake vya maji ni vingi: maji hutiririka, huchuruzika, hudondoka, huvuja, hupenya, hutuama. Hata hivyo mfasiri, akiwa amezungukwa na hazina yote hiyo, aghalabu huokota kigae na kumpakulia msomaji humo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituonyesha karatasi ya maelezo aliyoletewa na ofisi ambayo hatuna haja ya kuitaja. Karatasi hiyo iliagiza kwamba changarawe iwekwe chini ya sufuria kwa ajili ya mifereji. Watoto walitii. Walileta makopo ya maziwa na ndoo za rangi, wakatia changarawe, wakajaza udongo, wakapanda, wakamwagilia kila asubuhi. Hapana aliyetoboa tundu hata moja, kwa kuwa karatasi haikutaja tundu. Kabla ya mwezi kwisha mizizi ilikwisha kuoza, na watoto wakaambiwa kwamba hawana mkono wa kupanda. Sisi twaonelea kwamba watoto hawakukosa. Lililokosa ni neno, na mwenye neno ni mfasiri.

Kasoro ya kwanza ni ya jina la chombo. Sufuria ni chombo cha madini kitelekwacho motoni, na sifa yake kuu ni kutovuja. Aambiwaye apande ua katika sufuria hawezi kufikiri kwamba yampasa kulitoboa. Wengine huandika "chombo cha maua", nalo si jambo la kupuuzwa, kwani jina hilo hilo hutumika kwa chombo kitiwacho maji ili kusimamishia maua yaliyokatwa. Chombo hicho hakitakiwi kuwa na tundu. Kile cha mmea wenye mizizi hakifai bila ya tundu. Jina moja limebeba amri mbili zinazopingana. Tunapendekeza "chungu cha mmea" kwa hicho cha pili, hata kikiwa cha plastiki, na "chombo cha maua" kibakie kwa maua yaliyokatwa. Wapo watakaohofia kwamba "chungu" lina maana nyingi. Hofu hiyo ni ndogo: chungu cha kupikia na chungu ya mawe hutenganishwa na upatanisho wa kisarufi, na ladha chungu haipandwi kitu.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Mfereji ni kitu kinachoonekana, kilichochimbwa au kujengwa, chenye kingo mbili na mkondo wa maji katikati. Tena, mara nyingi mfereji huleta maji wala hauyaondoi. Mifereji ya Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro ilichimbwa ili kufikisha maji migombani. Mombasa na Unguja, afunguaye mfereji ni yule atakaye maji ya bomba. Basi msomaji wa huko akiambiwa kwamba chungu chake kinahitaji mifereji, ana haki ya kufahamu kinyume cha kilichokusudiwa.

Ajabu ni kwamba mabwana shamba wetu wamekuwa na usemi ulio sahihi kwa miaka mingi: "udongo usiotuamisha maji". Mkulima husikia na kuelewa mara moja, maana amekwisha kuona maji yaliyotuama shambani na mahindi yaliyogeuka manjano. Yafaa tutenganishe dhana tatu ambazo mfasiri amezirundika pamoja. Ya kwanza ni sifa ya udongo wenyewe, nayo tunaiita "upitishaji maji". Ya pili ni njia ya maji kutoka chomboni, nayo ni "tundu la kutolea maji", lililoko kitakoni. Ya tatu ni mifereji na mitaro, ambayo ni mali ya mashamba, barabara na miji. Tulipata kufikiria "utokaji maji" kwa dhana ya pili, tukaliacha kwa sababu lakaribiana mno na msemo wa waganga juu ya maradhi.

Kasoro ya tatu ni ya maarifa yaliyojificha nyuma ya neno. Mfasiri angalijiuliza maji yanakwenda wapi, angaligundua kwamba agizo lenyewe la changarawe lina walakini. Chukua sifongo, ichovye majini, kisha ilaze juu ya kiganja mpaka iache kudondoka. Sasa isimamishe wima: maji mengine yatadondoka, ingawa hukuikamua. Udongo wa chunguni hufanya vivyo hivyo. Baada ya maji kutoka, sehemu ya chini hubaki imelowa chepechepe, na kimo cha sehemu hiyo hutegemea aina ya udongo zaidi kuliko kina cha chungu. Maji hayashuki kwa wepesi kutoka katika udongo laini kuingia katika changarawe yenye nafasi kubwa. Hungoja juu yake. Kwa hiyo changarawe huinua tabaka la maji na kulisogeza karibu na mizizi. Mizizi nayo hupumua. Ikikosa hewa hufa na kuoza. Tabaka hilo tunapendekeza liitwe "maji mang'ang'anizi", maana hayakutuama kwa kukosa njia, bali yameng'ang'ania udongo wakati njia ipo.

Mfano mmoja unatuhusu kwa karibu. Ua dogo la zambarau ambalo leo hukuzwa madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alilipeleka Ujerumani kutoka Usambara, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu la Saintpaulia. Kwao ua hili huota kivulini juu ya miamba, katika udongo haba ambao maji hayakai. Lipande katika kopo lisilo na tundu, nalo halitachelewa kufa. Itakuwa aibu iwapo mtoto wa Lushoto atashindwa kulitunza ua la kwao kwa sababu ya karatasi iliyofasiriwa vibaya.

Wako watakaosema kwamba tunapoteza wino kwa mambo ya vyungu, ilhali sheria na udaktari vyangoja istilahi. Tunajibu kwamba mwananchi hukutana na istilahi kwanza katika mambo madogo ya nyumbani, na hapo ndipo aamuapo kama lugha yake yaweza kumwongoza. Akidanganywa na karatasi ya maua, kwa nini aiamini karatasi ya dawa?

Kwa muhtasari, twapendekeza maelezo yafuatayo yatumike badala ya yale ya karatasi tuliyoitaja: "Chagua chungu cha mmea chenye tundu la kutolea maji, kipana kuliko cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Jaza udongo usiotuamisha maji tangu kitakoni, bila changarawe. Chini yake weka kisahani cha kukingia maji, na ukimwage baada ya nusu saa." Kumbuka kwamba tumeandika "cha kukingia maji" wala si "kinga ya maji", kwani kukinga ni kupokea na pia ni kuzuia, na kisahani hakizuii kitu.

Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya kwa wasomaji wao. Lile litakalomfanya mtoto atafute msumari na kutoboa kopo kabla ya kupanda ndilo tutakalolishika, hata kama halikutoka kwetu.