Pongezi kwa Dada Ng'endo Mukii

Mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa, Mkenya Ng'endo Mukii alitoa Yellow Fever, filamu fupi kuhusu wanawake wanaojichubua kwa mkorogo. Alichanganya kompyuta, michoro ya mkono na watu halisi waliopigwa picha moja moja, wakisogea kidogo kila mara. Ni kazi ya subira kubwa: sekunde moja ya filamu hupitisha picha 24, na hata ukichora 12 tu, kila mchoro ukitumika mara mbili, dakika moja inadai michoro 720. Lakini mstari wa mkono hutetemeka, na ngozi inayotetemeka huonyesha maumivu yake. Hongera sana, dada. Vijana wa Bariadi wanaochora mabango kwa brashi waitazame, kisha wajaribu.