Mnada, Fidia, Mkopo: Uhakiki wa Msamiati wa Vito Vinavyorudi Kwao

Hapa Kakamega tuliwapa wanafunzi wetu wa tafsiri habari moja ya mwaka 2024. Habari yenyewe ilisema kwamba makumbusho mawili ya London, British Museum na Victoria and Albert, yalipeleka vitu 32 vya ufalme wa Asante, vingi vikiwa vya dhahabu, katika makumbusho ya jumba la Manhyia mjini Kumasi, Ghana, vikae huko kwa miaka mitatu. Baadhi ya wanafunzi waliandika kwamba vitu hivyo ‘vimerudishwa’. Wengine wakaandika kwamba ‘vimeazimwa’. Mabishano yaliyozuka yalitudhihirishia kwamba tatizo halikuwa la kamusi peke yake. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno yanayotumika kuisimulia safari ya vito hivyo, na kuonyesha kwamba maneno hayo, tangu mnada hadi mkopo, yana dhima moja: kumgeuza mwenye mali kuwa mdaiwa.

Yafaa kwanza tuyakumbuke matukio. Mnamo Februari 1874 majeshi ya Uingereza chini ya Garnet Wolseley yaliingia Kumasi, yakapora jumba la mfalme, yakalilipua, na kuuchoma mji. Sehemu ya nyara ilinadiwa Cape Coast. Dhahabu iliyofika London ilipitia kwa Garrard, masonara wa malkia, na makumbusho ya South Kensington, ambayo leo huitwa Victoria and Albert, yakanunua kwao vipande 13 mwaka huo huo. Isitoshe, mkataba wa Fomena uliwataka Waasante walipe wakia 50,000 za dhahabu kuwa fidia ya gharama za vita. Yaani aliyevamiwa ndiye aliyetozwa.

Neno la kwanza ni mnada. Msemaji wa Kiswahili nchini Kenya hahitaji kufafanuliwa neno hili. Mbali na mnada wa mifugo, analijua tangazo la dalali linalobandikwa kwa sababu mtu fulani alikopa akashindwa kulipa, na sasa shamba lake linauzwa. Mnada wa namna hii humtanguliza mdaiwa. Bila deni hauna uhalali. Kwa hiyo tusemapo kwamba dhahabu ya Kumasi ‘ilipigwa mnada’ tukaishia hapo, msikilizaji hujijazia mwenyewe lile deni ambalo halikuwapo. Neno fidia huja kulitia deni hilo muhuri. Hivyo maneno mawili yenye sura ya biashara na sheria yanakifunika kitendo ambacho Kiswahili kina kitenzi chake wazi: kughusubu.

Miaka 150 baadaye linakuja neno la tatu, mkopo. Makumbusho hayo mawili hujitetea kwa sheria za Uingereza za mwaka 1963 na 1983, ambazo huyabana yasiviondoe vitu katika hazina zao. Hatubishani na kuwapo kwa sheria hizo. Tunachohakiki ni mantiki ya kauli. Akopaye ana deni, aazimaye hurudisha. Mpokeaji wa Kumasi, ambaye babu zake walinyang’anywa, sasa ndiye anayengojewa arudishe! Tena kitenzi ‘azima’ katika Kiswahili chaweza kumhusu atoaye na apokeaye pia. Ulegevu huu wa maana huwa mtego kwa mfasiri asiye mwangalifu, maana humwezesha kuandika sentensi nzima bila kusema nani mwenye mali.

Huenda msomaji akasema kwamba bora kitu chenyewe kionekane nyumbani, maneno yatajitengeneza baadaye. Hoja hii ina uzito. Asantehene Otumfuo Osei Tutu II aliupokea mkopo huo huku akijua fika asili ya vitu hivyo, nasi hatuna haki ya kumhukumu. Lakini mwezi Februari mwaka huo huo wa 2024 makumbusho ya Fowler ya Los Angeles yalimkabidhi Asantehene vitu saba, kikiwamo kidani, bila kumtaka avirudishe. Kwa hiyo kitenzi ‘rudisha’ hakijashindikana kutendwa. Tukikitumia pia kwa yale ya London, tutakuwa tumeifuta tofauti ambayo Kumasi yenyewe inaifahamu vyema.

Upungufu wa pili umo katika nomino, na huu ni wetu wenyewe. Wanafunzi wetu karibu wote waliviita vitu hivyo ‘mapambo’. Miongoni mwake mna akrafokonmu, bamba la dhahabu lililovaliwa kifuani na watumishi waliohusika na kuitakasa roho ya mfalme. Pambo huongeza uzuri. Laweza kuvuliwa na mvaaji akabaki yule yule. Bamba hili lilitaja kazi ya mtu na wajibu wake. Kuliita pambo ni kukubaliana na mizani ya sonara, ambayo husoma uzito na kuacha maana.

Mfano wa kinyume tunao karibu. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai wa Tanzania, alizuru makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, akayapinga maelezo yaliyoandikwa juu ya vitu vya watu wake. Katika ziara zilizofuata Wamaasai walitambua vitu vitano ambavyo havikustahili kamwe kutoka mikononi mwa familia, miongoni mwavyo orkatar, bangili ambayo mwana humrithi baba yake aliyefariki. Mwaka 2023 wajumbe wa makumbusho hayo walisafiri hadi Kenya na Tanzania kwa ajili ya upatanisho na familia zinazohusika, na ng’ombe wakatolewa. Hapa msamiati umegeuka. Mazungumzo yalianza kwa kusahihisha jina la kitu, yakafika kwenye fidia, na safari hii aliyelipa ni yule aliyekuwa na kitu mkononi.

Sisi wa Kakamega tuna sababu ya kulijali jambo hili. Katika masimulizi ya Wawanga, bangili ya shaba ni alama ya utawala wa Nabongo. Mwanafunzi anayeifasiri kuwa ‘pambo la mkononi’ ameshaanza kazi ya dalali kabla dalali hajafika. Hivyo twapendekeza kwamba katika tafsiri na ufundishaji wetu jina la asili litangulie na maelezo yafuate. Kitendo cha nguvu kipewe kitenzi cha nguvu. Na neno ‘kurudisha’ lihifadhiwe kwa kile tu ambacho hakitadaiwa tena. Hatuna uwezo wa kubadilisha sheria za London. Sentensi zinazotoka katika madarasa yetu, hata hivyo, ni zetu, na kosa likibaki humo hatutakuwa na wa kumlaumu.