NVDA ya kwenye flashi: mwavuli mzuri, ila si paa

Hebu fanya jaribio. Kaa kwenye kompyuta usiyoizoea, zima kioo, sogeza mausi pembeni, kisha jaribu kutuma barua pepe moja tu. Kibodi unayo, vidole unavyo, lakini hujui uko wapi. Kwa mtu asiyeona, kazi ya kumwambia yuko wapi inafanywa na kisoma-skrini: programu inayoiuliza Windows na programu nyingine "hapa kuna nini?", kisha inatamka jibu au kulipeleka kwenye kifaa cha nukta nundu.

Sasa tatizo ni hili. Kompyuta ya maktaba, ya chuo au ya duka la intaneti si yako, kwa hiyo huruhusiwi kuweka programu humo. Ufanyeje? Jibu maarufu ni NVDA ya kubebeka. Unaiweka kwenye flashi, unachomeka, unaifungua, basi. Je, jibu hilo linatosha? Mimi nasema ni kazi nzuri sana ya usanifu ambayo watu wameipa mzigo usio wake.

Tuanze na sifa, maana inazistahili. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona. Baadaye aliungana na James Teh, naye haoni, na mwaka 2007 wakaunda taasisi ya NV Access. Wakati huo visoma-skrini vya kibiashara viliweza kugharimu zaidi ya kompyuta yenyewe. NVDA ni bure na msimbo wake uko wazi. Hili la bure lina uzito kuliko linavyoonekana. Programu ya kulipia kwa kawaida hufungwa kwa leseni kwenye mashine fulani, na leseni ya namna hiyo haipendi kusafiri. NVDA haina cha kufunga, ndiyo maana unaweza kuinakili kwenye flashi tano na kuwagawia wenzako bila kuvunja sheria yoyote.

Sifa ya pili ni sauti. NVDA inakuja na eSpeak NG, ambayo haitegemei maktaba kubwa ya sauti ya mtu iliyorekodiwa. Sehemu kubwa ya matamshi inatengenezwa kwa hesabu. Ndiyo, inasikika kama roboti. Lakini ni ndogo, inajibu haraka, na bado inaeleweka ukiiongezea kasi sana. Na ina sauti ya Kiswahili humo humo, bila kupakua kitu.

Sifa ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: mipangilio yako inakaa kwenye folda ya NVDA ndani ya flashi. Kasi ya sauti, lugha, kitufe unachopenda kutumia kutoa amri, vyote unatembea navyo. Ukichomoa flashi, unaondoka na nyumba yako. Msanifu aliyefikiria hivyo alielewa kwamba kwa mtumiaji huyu mipangilio si mapambo.

Haya, sasa kasoro. Ya kwanza iko mlangoni. Ili kompyuta iongee lazima uifungue NVDA, na ili uifungue NVDA unahitaji kompyuta inayoongea. Zamani flashi iliweza kujifungua yenyewe ikichomekwa. Njia hiyo ikatumiwa na virusi, Conficker akiwa mfano unaokumbukwa, na kuanzia Windows 7 Microsoft wakaifunga kwa flashi. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini asiyeona akabaki nje. Leo anabonyeza Windows na R, anaandika herufi ya flashi na njia ya faili, akibahatisha kama ni D, E au F. Au anawasha kwanza Narrator, kisoma-skrini cha Windows yenyewe, kwa Windows, Ctrl na Enter kwenye Windows 10 na 11. Anakitumia kuifikia NVDA, halafu anakizima haraka kabla hazijaanza kuongea zote mbili kwa pamoja. Inawezekana, ila mpaka uwe umefundishwa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na hapa ndipo sayansi yenyewe ilipo. NVDA ya kubebeka haiwezi kusoma skrini ya kuingilia kabla hujaingia kwenye akaunti. Haisomi ule ujumbe wa Windows unaouliza kama unakubali programu ifanye mabadiliko. Madirisha ya programu zinazoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi nayo hayagusiki, na kioo cha kugusa hakitumiki. Kwa nini? Si uzembe wa waandishi wake. Windows inatoa ruhusa ya kugusa madirisha yenye mamlaka kwa programu yenye saini ya kidijitali ambayo imewekwa kwenye folda iliyolindwa, kama Program Files. Flashi si mahali palipolindwa. Fikiria kidogo: kama programu yoyote ya kwenye flashi ingeweza kusoma swali la usalama na kubonyeza "Ndiyo" kwa niaba yako, kirusi kingefanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukuta huu hauvunjwi kwa kuandika msimbo bora. Kisoma-skrini kinahitaji kuingia kila chumba ili kiwe na maana, na mfumo salama unakataza mgeni kuingia kila chumba. Programu ya kubebeka ni mgeni kwa tafsiri yake yenyewe.

Lawama yangu basi naielekeza wapi? Kidogo kwa NVDA. Mipaka hii imeandikwa kwenye mwongozo wake kwa uwazi, lakini anayepewa flashi na rafiki mara nyingi hapewi mwongozo. Ningependa nakala ya kubebeka ikusemee mipaka yake kwa sentensi mbili mara ya kwanza unapoifungua, kwa lugha uliyochagua. Lugha nayo ni jambo: ukichagua sauti ya Kiswahili, maneno ya Kiingereza yatasomwa kwa kanuni za Kiswahili, na maandishi yetu mengi yamechanganyika. NVDA inaweza kubadili lugha yenyewe pale tu mwandishi wa ukurasa alipoweka alama ya lugha, na wengi hatuweki.

Lawama kubwa naielekeza kwa anayemiliki kompyuta. Ukisikia taasisi inasema "wanafunzi wetu wasioona hawana shida, wanakuja na flashi zao," sikiliza vizuri. Maana yake ni kwamba mwenye kuona anakuta mashine iko tayari, na asiyeona anakuja na macho yake mfukoni. Flashi ikipotea au ikiliwa na virusi, mtihani umempita. Na hata ikiwa nzima, ukurasa wa kuingilia haujamsomea.

Na kisingizio hakipo. Programu ni bure. Msimamizi mmoja mwenye nywila anaiweka mara moja kwenye kila mashine, na ikishawekwa hivyo inasoma skrini ya kuingilia, inasoma maswali ya usalama, na inaweza kufunguliwa kwa Ctrl, Alt na N. Mtumiaji aje na flashi yenye mipangilio yake akipenda, si kwa kuwa asipokuja nayo hana kompyuta.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uwe nayo, nitasema ndiyo, tena leo. Mvua hainyeshi kwa miadi, na mwavuli huu ni mwepesi, imara, na hauuzwi. Ila ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba, usimsifu mgeni kwa kuja na mwavuli sebuleni kwako. Ezeka paa.