Ruth E. Carter na Vazi Lenye Kumbukumbu
Ubunifu wa mavazi ya filamu, yaani kazi ya kuamua kila mhusika avae nini na kwa sababu gani, umepata heshima ya pekee mikononi mwa Mmarekani Ruth E. Carter, ambaye kabla ya kuandaa mavazi ya filamu ya Malcolm X (1992) alipekua jalada la gerezani la kiongozi halisi ambaye filamu hiyo inamhusu. Katika filamu ya Black Panther, taji la Malkia Ramonda lilifuata isicholo, kofia pana ya wanawake wa Kizulu walioolewa, ingawa lilitengenezwa kwa printa ya vipimo vitatu, huku wekundu wa mavazi ya walinzi wa kike ukitokana kwa sehemu na Wamaasai. Oscar aliyopewa mwaka 2019 kwa mavazi hayo, iliyofuatiwa na nyingine mwaka 2023, ilichelewa mno.